Sura ya Saba: Kusoma Bareti Kabla ya Kulipa

Mtu wa Likasi akipewa noti ya dola ataigeuza, ataiinua kwenye mwanga, atapitisha kidole pembeni kutafuta mpasuko hata wa upana wa ukucha, na akiuona atairudisha bila aibu. Mtu huyohuyo, dakika chache baadaye, ataitoa noti safi kununua bareti ya memori bila kusoma neno moja lililoandikwa juu yake. Anauliza, "Yaya, itaingia?" Muuzaji anajibu, "Itaingia, papa." Na kweli, mara nyingi inaingia. Lakini bareti inaweza kuingia vizuri kwenye sloti na mashine ikakataa kuwaka. Nimeona wanafunzi wakipoteza makuta ya mwezi mzima kwa sababu ya herufi moja iliyokuwa imechapwa wazi kwenye kibandiko. Sura hii ni ya kujifunza kukisoma kibandiko hicho.

Bareti ya laptopu ni kibao chembamba, urefu wake milimita 67.6, chenye chipu nyeusi upande mmoja au pande zote mbili. Ndani ya chipu, kila biti inakaa kama chaji ya umeme katika kapasita ndogo mno, na pembeni yake kuna transista moja ya kuifungulia na kuifungia njia. Muundo huo aliubuni Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, akapata hataza yake mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Intel ikaanza kuuza chipu ya 1103, yenye biti 1,024 tu. Chaji inavuja. Kwa hiyo mashine inalazimika kuisoma na kuiandika upya kila seli ndani ya milisekunde 64, bila kupumzika muda wote inapokuwa imewaka. Ndiyo sababu SNEL ikikata umeme na betri yako imechoka, ukurasa ambao hukuuhifadhi unapotea papo hapo, huku faili zilizo kwenye diski zikibaki salama. Anayekuambia kwamba laptopu yake "ina memori ya giga 500" anazungumzia diski. Sisi hapa tunazungumzia giga 4, 8 au 16.

Swali la kwanza si "bareti gani?" Ni kama memori ndiyo inayokosekana. Fungua kazi zako za siku ya kawaida: kivinjari na kurasa zake, Word, PDF za masomo, ramani kama unafanya kazi ya ramani. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Laptopu nyingi za Likasi zina Windows ya Kifaransa, basi utaingia "Performances", halafu "Mémoire". Kama memori imejaa asilimia 85 au 90, kweli unahitaji bareti. Kama iko asilimia 55 huku "Disque" ikisimama kwenye 100, ugonjwa uko kwenye diski ya zamani inayozunguka, na SSD ndogo ya giga 240 itakufaa kuliko bareti yoyote. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wanakwenda kwa fundi wakiwa tayari wamejipimia dawa, na fundi, ambaye naye anataka kuuza, hawarudishi nyuma.

Angalia pia aina ya Windows iliyowekwa. Laptopu za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika, zinazofika Katanga mara nyingine zimewekewa Windows ya biti 32, na hiyo haiwezi kutumia zaidi ya giga 4. Unaweza kuijaza mashine giga 16, na Windows hiyo bado itatumia tatu na kidogo. Kubadilisha Windows hakuhitaji bareti.

Kwa mwenye giga 4, kupanda hadi 8 ndiyo hatua anayoihisi kuliko zote, kwa kuwa Windows peke yake, kabla hujafungua chochote, inakula giga mbili au tatu. Kutoka 8 kwenda 16 ni kwa wenye kazi nzito, na Likasi ina watu wa kazi nzito kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Huu ni mji wa Shituru na Panda. Vijana wake wanasomea madini na metalojia, wanachora kwa AutoCAD, wanafungua picha za setelaiti kwenye QGIS, wanapokea mafaili ya visima vya utafiti kutoka kampuni zinazowapa kazi ya muda. Matoleo ya karibuni ya AutoCAD yanataka giga 8 kama kiwango cha chini kabisa. Kijana wa namna hiyo akiniuliza, nitamwambia 16 na sitasita. Anayeandika TFE yake, ile kazi ya kumaliza masomo, kwa Word na kutazama video, 8 zinamtosha, na pesa inayobaki ikanunue betri.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, maana ndiyo inayoamua. Tazama jina la prosesa. Kwenye Core za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuonyesha kizazi: i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-4300U cha nne, i5-6300U cha sita, i5-8350U cha nane. Kizazi cha pili kinatumia memori ya aina ya DDR3, ya volti 1.5. Cha tatu kinakubali volti 1.5 na pia 1.35. Kuanzia cha nne, mwaka 2013, laptopu za Intel zinataka volti 1.35 tu, na bareti ya namna hiyo inaitwa DDR3L.

Hapo ndipo pesa inapopotea. DDR3 na DDR3L zote zina pini 204, na pengo lililokatwa katikati ya pini liko mahali pamoja. Ukiziweka mezani bila vibandiko hutazitofautisha kwa macho. Bareti ya volti 1.5 itaingia kwenye laptopu ya kizazi cha nne, vishikizo vya pembeni vitalia "tak", kisha utabonyeza kitufe na kioo kitabaki cheusi. Mashine nyingine zinapiga milio, nyingine zinawashawasha taa ya Caps Lock. Mwenye laptopu anadhani imekufa. Kwa kawaida haijafa: rudisha bareti ya zamani na itawaka.

Kibandiko kinasema yote hayo. Ukisoma PC3-12800S, hiyo ni DDR3 ya volti 1.5. Ukisoma PC3L-12800S, hiyo ni DDR3L. Herufi L ndiyo unayoitafuta. Na kwa kuwa bareti nyingi za DDR3L zinafanya kazi pia kwa volti 1.5, mimi sishauri mtu anunue DDR3 bila L hata kwa mashine ya kizazi cha pili. Yenye L utaweza kuihamishia kwenye mashine ya baadaye, au kumuuzia jirani bila kumletea shida. Kuna faida nyingine kwa mji unaokatiwa umeme: matumizi ya chipu yanafuata volti zilizozidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo kushuka kutoka 1.5 hadi 1.35 kunapunguza karibu moja ya tano ya umeme ambao bareti inavuta kutoka kwenye betri.

Herufi S ya mwishoni nayo ina kazi yake. Inaonyesha bareti fupi ya laptopu. U ni ya kompyuta ya mezani, ndefu karibu mara mbili, nayo huwezi kuikosea. R ni ya seva.

Kizazi cha sita ni njia panda, na hapo hata mafundi wazuri wanateleza. Lenovo ThinkPad T460 na HP EliteBook 840 G3 zote ni za wakati mmoja, zote zina prosesa za kizazi hicho, na zote zinapatikana kwa wauzaji wa okazyo. T460 inatumia DDR3L. EliteBook inatumia DDR4. Mtu anayesema "nina i5 ya kizazi cha sita" bado hajasema kitu. Ataje jina kamili la mashine, lililo chini ya laptopu au kwenye BIOS. Kwa bahati nzuri DDR4 haikudanganyi: ina pini 260, inatumia volti 1.2, na pengo lake liko mahali pengine, basi ukiilazimisha kwenye sloti ya DDR3 haitakaa. DDR5 ina pini 262 na volti 1.1, nayo haiingii kwenye sloti ya DDR4. Kizazi cha saba na cha nane karibu zote ni DDR4. Kuanzia cha kumi na mbili ni DDR4 au DDR5, na ni lazima uhakikishe.

Hesabu sloti kabla ya kuondoka nyumbani. ThinkPad T480 ina mbili. Ndugu yake mwembamba, T480s, ina memori iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu na sloti moja tu. T440s vilevile. MacBook Air haina sloti yoyote: giga ulizonunua nazo ndizo utakazozeeka nazo. Windows inaweza kukuonyesha "Emplacements utilisés : 1 sur 2", lakini siitegemei peke yake, kwa kuwa mashine nyingine zinahesabu memori iliyolehemiwa kama sloti. Fungua kifuniko utazame kwa macho yako.

Ninakazia maandalizi haya kwa sababu ya jiografia. Bareti unayoitaka huenda isiwepo Likasi. Itaagizwa Lubumbashi, kilomita 120 hivi kwa barabara, na Lubumbashi nayo inapokea mizigo iliyopita Kasumbalesa kutoka Dar es Salaam au bandari za kusini. Ukikosea herufi, unalipa usafiri wa kwenda na kurudi, unapoteza wiki, na muuzaji wa Lubumbashi hana haja ya kukusikiliza. Andika mstari mzima wa kibandiko cha bareti iliyomo kwenye mashine yako, au upige picha, umtumie. Usimtumie maneno "giga 8 ya HP". Hakuna bareti ya HP katika maana hiyo. HP hununua kutoka kwa watengenezaji walewale wanaowauzia wengine.

Kuhusu kasi, wauzaji wanaitangaza sana na mimi naiweka mwisho. Namba 12800 inaonyesha megabaiti kwa sekunde: uhamisho milioni 1,600, kila mmoja baiti 8. DDR4 ya 2400 inaandikwa PC4-19200 au PC4-2400T, ya 3200 inaandikwa PC4-25600 au PC4-3200AA. Ukiweka bareti ya 3200 kwenye mashine inayofika 2400, itashuka hadi 2400 na kufanya kazi kwa amani. Ukichanganya mbili, ya haraka itamfuata mwenzake wa polepole. Na jambo ambalo halisemwi dukani ni muda ambao prosesa inangoja kupata data ya kwanza. DDR3 ya 1600 yenye CL11, yaani inayongoja mizunguko 11 ya saa yake, inachukua nanosekunde 13.75. DDR4 ya 2400 yenye CL17 inachukua 14.2. DDR4 ya 3200 yenye CL22 inarudi palepale, 13.75. Upana wa njia umeongezeka kutoka kizazi hadi kizazi, lakini kungoja hakujapungua. Kwa hiyo ukiambiwa uchague kati ya giga 8 za kasi na giga 16 za kasi ya chini kidogo kwa bei moja, chukua 16. Memori ikijaa, mashine inaanza kuandika kwenye diski, na hapo tofauti ya nanosekunde inakuwa haina maana yoyote.

Je, bareti mbili zinazofanana? Zikipatikana, vizuri: prosesa inazisoma kwa njia mbili kwa pamoja, na michoro ya Intel, ambayo inaazima memori hiyohiyo, inanufaika waziwazi. Lakini sikubaliani na wanaosema bila mapacha usinunue. Mwenye giga 4 na sloti moja wazi, akiwa na pesa ya bareti moja, anunue ya giga 8 na aiache ile 4 mahali pake. Atakuwa na 12. Mashine itatumia njia mbili kwa sehemu kubwa na njia moja kwa kilichobaki. Siku akipata pesa, ataiondoa ile 4.

Bei imekuwa ngumu. Sehemu kubwa ya chipu za memori duniani inatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka 2025 viwanda vyao vilielekeza nguvu zaidi kwenye memori za seva za akili bandia, na kufikia mwisho wa mwaka bei za bareti za kawaida zilikuwa zimeruka dunia nzima. Desemba hiyo Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza bareti za jina la Crucial kwa watu wa kawaida. Kwa sisi tunaonunua mwishoni mwa mnyororo, hili linafanya bareti iliyotolewa kwenye laptopu nyingine kuwa mali ya maana. Mimi naipendelea. Chipu ya memori haichakai kwa kutumiwa kama betri inavyochakaa, na bareti ya Samsung iliyofanya kazi miaka sita kwenye mashine ya ofisi ya Ulaya naiamini kuliko mpya inayong'aa yenye jina ambalo halipo popote isipokuwa kwenye kibandiko chake.

Kibandiko kinaweza kubadilishwa, basi soma chipu zenyewe. Chukua simu, washa tochi yake, piga picha na uikuze. Chipu za Samsung zinazoanza na K4B ni DDR3, K4A ni DDR4. Za SK hynix, H5AN ni DDR4. H5TQ ni DDR3 ya volti 1.5, na H5TC ni ya volti 1.35. Ukikuta kibandiko kinasema PC3L na chipu zinasema H5TQ, mrudishie mwenyewe. Chipu zote za bareti moja zinapaswa kuwa na maandishi yaleyale. Zikiwa zimechanganyika, au zimekwanguliwa zisisomeke, usiendelee kuuliza bei.

Neno moja kuhusu mashine ya kizazi cha pili au cha tatu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi. Mashine hizo za zamani bado zinafaa, hasa zikiwekewa Linux, lakini usizinunulie zaidi ya bareti moja ya okazyo. Pesa ya bareti mbili mpya ni mwanzo wa kununua laptopu nyingine.

Kuiweka ni kazi ya dakika kumi, ila Likasi ina hatari yake. Mji uko juu zaidi ya mita 1,200, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa inakauka hata midomo inapasuka. Ukivua sweta ya nailoni gizani unaona cheche. Mwili wa mtu hauhisi umemetuli mpaka ufike kama volti 3,000, wakati chipu inaweza kuumia kwa mia chache tu. Kwa hiyo zima mashine kabisa, ondoa chaja, ondoa betri au uizime kwenye BIOS kama imo ndani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe. Vua sweta kabla, si katikati ya kazi. Gusa chuma kisichopakwa rangi, bomba la maji kwa mfano. Shika bareti pembeni. Iingize kwa mshazari mpaka pini zikaribie kupotea, halafu ilaze taratibu. Usiilaze kabla haijaingia vizuri, vishikizo vitavunjika.

Pini zikiwa na uchafu, mafundi wengi wanazisugua kwa kifutio cha shule. Waambie wasisugue kwa nguvu. Chini ya ile rangi ya dhahabu kuna shaba, na mji wenye kiwanda cha Shituru, kinachosafisha shaba tangu 1929, hauhitaji kufundishwa jinsi shaba tupu inavyofanya ikikutana na hewa na unyevu. Dhahabu iliyoifunika haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitambaa laini na alkoholi ya duka la dawa, ile yenye nguvu zaidi utakayopata, vinatosha.

Ukiwasha mara ya kwanza, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda huku mashine ikiipima memori mpya. Ngoja dakika moja au mbili. Kisha rudi "Mémoire" uone giga zimeongezeka, na ufungue CPU-Z, ukurasa wa SPD. Pale utasoma maelezo ambayo mtengenezaji aliyaandika kwenye chipu ndogo ya pembeni ya bareti: ukubwa, kasi na volti. Hayo ni magumu kughushi kuliko karatasi. Mwenye Linux aandike sudo dmidecode --type memory.

Kazi haijaisha bado. Bareti mbovu inaweza kuwasha Windows vizuri na kuharibu mchoro wako wa AutoCAD wiki ya tatu. Weka Memtest86+ kwenye ufunguo wa USB, washa mashine kutoka hapo, na uiache izunguke walau mara moja nzima. Kwa giga 8 hesabu saa moja au zaidi, basi fanya hivyo umeme ukiwepo na betri ikiwa imejaa. Mstari mwekundu hata mmoja, bareti hiyo haifai, na usikubali kuambiwa kwamba kosa moja ni la kawaida. Ndiyo maana makubaliano yanafanywa kabla ya noti kutoka mfukoni: mwambie muuzaji, kwa heshima na mbele ya mtu mwingine, kwamba utaipima usiku huu na utairudisha kesho asubuhi ikitoa kosa. Akikataa, omba upime hapohapo dukani kwake. Akikataa na hilo, muage na uende kwa mwingine.